Jino la pembe si dawa ya pengo: Ukisaga meno usiku, daktari ajue kabla hujalipia kipandikizi

Na Mwalimu wa Mpakani, Mabanda

WALIOWAHI kulala watu sita katika chumba kimoja wanaijua sauti hiyo. Usiku wa manane, kila mtu amelala, mara unasikia meno yanakwaruzana kama jiwe linaloburutwa juu ya jiwe la kusagia mtama. Asubuhi mwenyewe akiulizwa anakana. Hakusikia kitu. Anachojua ni kwamba taya limechoka, kichwa kinamgonga pembeni, na kipande cha muhogo kinamshinda kutafuna.

Huko ndiko kusaga meno usingizini. Katika makazi ya wakimbizi tulikokulia, jambo hilo lilikuwa la kuchekesha, au la kumnywesha mtoto dawa ya minyoo. Siku hizi limekuwa pia jambo la fedha. Wapo wafanyabiashara wa mpakani wanaovuka kwenda miji mikubwa ya nchi jirani kuwekewa vipandikizi, yaani meno ya bandia yanayokaa juu ya skrubu iliyozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Ni tiba nzuri lakini ni ghali, na wengine huitolea mtaji walioukusanya kwa miaka.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Walijua kwamba cha kuazima hakifikii cha kuzaliwa nacho. Utafiti wa kitabibu wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba hata jino la skrubu lina adui yake, na adui huyo anaweza kuwa mwenye jino mwenyewe akiwa amelala. Ndugu msomaji, ukisahau yote yaliyomo katika makala haya, kumbuka hili moja. Kama unasaga meno, daktari alijue hilo kabla hujatoa hata faranga moja.

Minyoo imesingiziwa

Tuanze na minyoo, maana wazazi wengi wanaokuja kuongea nami shuleni huanza nayo. Mtoto akisaga meno, jibu la kwanza ni kwamba tumbo limejaa minyoo.

Watafiti wamelichunguza jambo hilo na majibu yao yamepishana. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wanaosaga na wasiosaga, na haukuona uhusiano na minyoo. Mwingine wa Iran, wa mwaka 2010, uliona uhusiano. Kwa hiyo hakuna ushahidi wa kutosha wa kumwahidi mzazi kwamba kidonge kitanyamazisha meno. Kidonge mpe, kwa kuwa minyoo inamwibia mtoto damu na chakula. Ila usishangae akiendelea kusaga baada ya kukimeza.

Jambo la kumtuliza mzazi ni kwamba kusaga meno ni kwingi zaidi utotoni kuliko ukubwani, na watoto wengi huacha wenyewe wakikua. Hakuna haja ya kumwamsha kila saa, wala kumpiga, wala kumcheka mbele ya wenzake.

Kwa watu wazima, utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2001 uliwahoji kwa simu watu 13,057 wa Uingereza, Ujerumani na Italia, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Asilimia 8.2 kati yao walisema wanasaga meno usingizini angalau mara moja kwa wiki. Kwa hesabu ya darasani, katika basi lenye abiria 60, watano ni wa kundi hilo. Na hao ni wale tu wanaojua, kwani anayelala peke yake hana wa kumwambia.

Wapo pia wanaosema ni jini, au kwamba mtu anagombana na marehemu ndotoni. Anayetaka kuombewa na aombewe, sala haijawahi kugombana na hospitali. Lakini asubuhi aende pia kwa daktari wa meno akaangaliwe.

Amri inatoka kichwani

Wanaosaga meno huchunguzwa katika maabara za usingizi. Mtu hulazwa pale usiku kucha akiwa amebandikwa nyaya kichwani, kifuani na kwenye mataya. Profesa Gilles Lavigne na wenzake wa Montreal, nchini Canada, wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Walichokiona ni hiki. Mtu akiwa katikati ya usingizi, ubongo hushtuka kidogo kwa sekunde chache bila yeye kuamka. Mawimbi ya ubongo hubadilika, kisha moyo huongeza mapigo, halafu misuli ya kutafunia hujikaza. Meno ndiyo ya mwisho kupata habari. Waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya watu wasio na tatizo lolote nao huchezesha misuli ya taya usingizini, bila sauti. Kwa hiyo anayesaga anazidisha jambo ambalo wengi wetu tunalo.

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, akiwamo Profesa Frank Lobbezoo wa Amsterdam, lilichapisha maafikiano yao. Walisema kwamba kwa mtu mwenye afya njema, kusaga meno si ugonjwa peke yake. Ni mwendo wa misuli ambao unaweza kuleta madhara au usiyalete. Waliweka pia ngazi tatu za uhakika. Mtu akijisemea mwenyewe kwamba anasaga, huenda ni kweli. Daktari akiona dalili kinywani, yaelekea ni kweli. Uhakika kamili hupatikana kwa kipimo cha usingizi.

Vipo vitu vinavyohusishwa na kusaga zaidi, navyo ni sigara, pombe na kahawa nyingi, pamoja na baadhi ya dawa za kutibu sonona. Vilevi vya kuchangamsha mwili vimo humo. Mirungi, ambayo baadhi ya madereva wa malori huitafuna ili wasisinzie ingawa sheria ya Tanzania inaikataza, ina kemikali ya jamii moja na amfetamini. Wengine wanaosaga huwa pia wanakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, na hilo ni tatizo la kutibiwa kwa haki yake. Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa kusoma gazeti. Amuulize aliyemwandikia.

Usikubali jino zima lichongwe

Kwa miongo mingi madaktari wengi waliamini kwamba mtu husaga kwa sababu meno ya juu na ya chini hayapangani vizuri. Mwaka 1961 Sigurd Ramfjord wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika kuunga mkono fikra hiyo, na watu wengi duniani wakachongwa meno mazima ili yapangane.

Mwaka 1984 John Rugh na wenzake, nao wa Marekani, walilijaribu jambo hilo kinyumenyume. Waliwawekea watu taji la jino lililovuruga upangaji makusudi, kisha wakapima misuli yao usiku. Kama fikra ya zamani ingekuwa sahihi, kusaga kungezidi. Matokeo yalikuwa tofauti. Kwa wengi wao misuli ilipunguza kazi usiku wa mwanzo.

Maana yake kwetu ni rahisi. Mtu yeyote, awe na cheti ukutani au hana, akikuambia atakuchonga meno mazima au kukung'oa gego zima ili uache kusaga, mshukuru na uondoke. Jino lililochongwa halioti tena.

Kinga ya plastiki inayovaliwa usiku ni jambo jingine. Daktari huchukua alama ya meno yako na kuitengeneza ikae vizuri. Haizuii ubongo kutoa amri, lakini inazuia meno yasisagane yenyewe kwa yenyewe. Ichukulie kama kofia ya mwendesha pikipiki, ambayo haizuii ajali lakini inaokoa kichwa. Siku hizi zipo pia sindano za kulegeza misuli ya taya. Hizo hupunguza nguvu ya kuuma kwa miezi michache, kisha hurudiwa na hulipiwa tena.

Sikio halina kosa

Wapo watu waliotia dawa ya sikio mwaka mzima na sikio halikuwa na tatizo. Kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio. Weka kidole hapo kisha ufungue kinywa, utakihisi kikitembea. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachoteleza kila unapokula au kuongea. Kikiuma, mtu hudhani ni sikio.

James Costen, daktari wa masikio na koo wa St. Louis, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1934. Maelezo yake ya chanzo yalikuja kukataliwa baadaye, lakini dalili alizoziona tunazo hadi leo. Mtu huumwa mbele ya sikio, kinywa hakifunguki vizuri, na taya hutoa mlio linapotembea. Mlio peke yake, usio na maumivu, kwa kawaida hauhitaji tiba.

Marekani walianza mwaka 2006 utafiti mkubwa uitwao OPPERA. Walichukua watu zaidi ya 2,700 wasio na maumivu ya taya na kuwafuatilia kwa miaka, ili waone nani atayapata. Waliokuja kuumwa walikuwa zaidi wale wenye maumivu mengine mwilini, wenye msongo wa mawazo, na wale ambao usingizi wao ulikuwa umeanza kuharibika kabla ya taya kuuma.

Utafiti mwingine unatugusa sisi tuliorejea. Nchini Croatia, baada ya vita vya miaka ya 1990, watafiti walilinganisha wanaume 94 waliopigana na kubaki na majeraha ya moyo, na wengine 97 ambao hawakwenda vitani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Wale wa vita walikuwa na dalili za matatizo ya taya kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Sisi tumo humo. Kuna waliokimbia mwaka 1972, waliokimbia 1993 na waliokimbia 2015. Kuna aliyerudi akakuta shamba la baba yake lina mwenye nyumba mwingine, na kesi haijaisha. Kuna mama anayevuka Mugina kwenda Manyovu kabla ya jua kuchomoza, hajui bei ya leo wala zamu ya askari wa leo. Mtu wa namna hiyo hajisikii kwamba ameuma meno mchana kutwa. Jioni ndipo shavu linapomwambia. Hakuna aibu katika hilo, na halimpunguzii mtu uanaume wala uanamke wake. Kama jinamizi la zamani bado linamwamsha, nalo alitaje kwa daktari, kwa sababu lina tiba.

Habari njema ni kwamba matatizo mengi ya taya hupungua kwa tiba nyepesi. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa wataalamu kuhusu maumivu ya taya ya muda mrefu. Waliyoyaweka mbele ni mazoezi ya taya chini ya usimamizi, kukandwa misuli na mtaalamu, na mazungumzo ya kitabibu ya kumsaidia mtu kuyamudu maumivu na mawazo. Walishauri kwa nguvu dhidi ya upasuaji wa kukiondoa kile kisahani, na dhidi ya tiba za kubadilisha meno moja kwa moja.

Skrubu ndani ya mfupa

Sasa tuje kwenye vipandikizi. Historia yake ilianzia kwa sungura. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa kwa kutumia kifaa kidogo cha madini ya titani. Alipotaka kukitoa kifaa chake, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake.

Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye taya lake lilikuwa na kasoro ya kuzaliwa na hakuwa na meno ya chini. Skrubu zile zilimhudumia hadi alipofariki mwaka 2006. Baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto mwaka 1982, tiba hiyo ilianza kukubalika duniani.

Kipandikizi kina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu iliyo mfupani. Ya pili ni kiungio kinachosimama juu yake. Ya tatu ni taji, mara nyingi la kauri, linaloonekana kama jino. Kwa utaratibu aliouanzisha Brånemark, skrubu huachwa miezi mitatu katika taya la chini na sita katika taya la juu ili mfupa uishike, ndipo jino liwekwe. Siku hizi wengine hufupisha muda huo, kutegemea mfupa wa mtu.

Tofauti yake na jino la Mungu ni nyuzi. Jino la asili halikugandamana na mfupa. Limeshikiliwa na nyuzi nyembamba sana, na ndani yake kuna mishipa ya fahamu. Ukitafuna wali ukakutana na chembe ya mchanga, taya linasimama kabla hujafikiri. Nyuzi hizo ndizo zilizopiga kelele. Kipandikizi hakina nyuzi. Kimeshikana na mfupa moja kwa moja, hakiyumbi, na hakihisi vizuri kiasi cha nguvu kinachokiangukia. Anayesaga usiku anaweza kukikandamiza kwa nguvu kubwa bila kupata onyo.

Kisa cha mama wa mawese

Mama mmoja anayefanya biashara ya mawese ya Rumonge na dagaa wa Kigoma aliniruhusu kueleza yaliyompata, ila nisitaje jina lake wala mji alikotibiwa. Aliwekewa vipandikizi viwili upande wa nyuma. Mwaka haujaisha, taji moja likapasuka kauri, na la pili likaanza kucheza.

"Mwalimu, nilidhani wameniwekea vitu feki," aliniambia.

Nikamwuliza kama anasaga meno. Akasema hapana. Mume wake, aliyekuwa akipakia madumu kwenye baiskeli, akacheka.

"Mwalimu, usimsikilize. Huyu akilala ni mashine ya unga."

"Nawe hukuniambia!"

"Nilikuambia tangu tuko Mishamo. Ulisema ni minyoo."

Nikamwuliza tena, kule alikotibiwa walimwuliza kuhusu kusaga? Akasema hakuulizwa, na yeye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Hapo ndipo fedha ilipopotelea. Skrubu zenyewe, alipopimwa tena, zilikuwa bado imara mfupani. Kilichoharibika ni cha juu. Lakini kutengeneza cha juu kulimgharimu safari mbili na malipo mengine, na duka lake likakaa wiki tatu bila dagaa.

Hesabu za Malmö

Kisa kimoja si ushahidi, kwa hiyo tuangalie hesabu. Katika mji wa Malmö, nchini Sweden, watafiti Bruno Chrcanovic, Tomas Albrektsson, Ann Wennerberg na wenzao walipitia kumbukumbu za kliniki moja ya wataalamu iliyowatibu wagonjwa 2,670 kwa vipandikizi 10,096. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Wagonjwa ambao taarifa zao zilikamilika walikuwa 994, wenye vipandikizi 3,549. Kwa wasiosaga, vipandikizi 155 kati ya 3,364 vilishindwa, sawa na asilimia 4.6. Kwa wanaosaga vilishindwa 24 kati ya 185, sawa na asilimia 13. Walipozingatia pia mambo mengine yanayoweza kuharibu kipandikizi, hatari kwa wanaosaga bado ilikuwa zaidi ya mara tatu.

Hesabu hizo zisomwe kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni hatari, na hiyo tumeiona. Upande wa pili ni kwamba hata kwa wanaosaga, vipandikizi 161 kati ya 185 vilibaki. Kwa hiyo hakuna anayesema kwamba anayesaga asiwekewe. Na tukumbuke kwamba 185 si idadi kubwa, tena ni kliniki moja ya nchi moja.

Mbali na kung'oka kabisa, wanaosaga hupata zaidi yale yaliyompata mama wa mawese, yaani kauri kupasuka na skrubu ndogo ya juu kulegea. Mara chache kipandikizi chenyewe huvunjika. Mambo hayo hutengenezeka, lakini kila tengenezo ni nauli na siku za soko zilizopotea.

Kabla hujavuka mpaka

Muhimbili kule Dar es Salaam, Makerere kule Kampala na Chuo Kikuu cha Nairobi vimefundisha madaktari wa meno kwa miongo kadhaa, kwa hiyo wataalamu wapo. Kazi ya mgonjwa ni kwenda na habari kamili na maswali yake. Haya hapa.

Kwanza, muulize unayelala naye chumba kimoja kama unasaga, na nenda na jibu hilo. Jiangalie kwenye kioo. Meno ya mbele yaliyokuwa na ncha yamekuwa bapa? Ulimi una alama za meno pembeni? Mashavu yametuna ukiuma? Asubuhi taya limechoka? Mwambie daktari yote.

Pili, mwambie kama unavuta sigara na kama una kisukari, na muulize kama ufizi wako ni mzima. Mambo hayo matatu huharibu vipandikizi vingi, hata kwa asiyesaga.

Tatu, muulize kama kwa mtu anayesaga mpango wake unabadilika. Anaweza kusema ataongeza idadi ya skrubu, au atachagua taji gumu zaidi, au atalipunguza taji ili lisipigwe sana. Asipokuwa na jibu, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Nne, muulize kama bei aliyokutajia ina kinga ya usiku ndani yake. Wataalamu wengi hushauri anayesaga aivae kila usiku baada ya kuwekewa. Ukiambiwa ni ya kulipiwa mbali, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tano, na hili wafanyabiashara wa mpakani walishike sana, omba karatasi yenye jina la kampuni ya kipandikizi, aina yake na vipimo vyake. Vipandikizi viko vya aina nyingi, na vifaa vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye vya nyingine. Skrubu ikilegea ukiwa Bujumbura au Gitega, na uliwekewa mbali, daktari wa hapa bila karatasi hiyo atabahatisha. Itunze pamoja na kitambulisho chako.

Sita, uliza kama pengo lako linaweza kuzibwa kwa njia nyingine. Yapo meno ya kuvaa na kuvua, na lipo daraja linaloshikiliwa na meno ya jirani. Kwa pengo la nyuma lisilokusumbua kula, daktari mwaminifu anaweza hata kukuambia uliache.

Mambo ya kufanya nyumbani

Asiye na fedha ya kipandikizi wala ya kinga naye ana la kufanya, na halina gharama.

Mchana, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana isipokuwa wakati wa kula na kumeza. Yote yakijumlishwa ni chini ya nusu saa kwa siku. Wakati mwingine wote midomo ifungwe, meno yaachane, na ulimi upumzike. Jaribu sasa hivi unaposoma. Kama umekuta meno yameumana, legeza. Wengine huweka alama kwenye simu au kwenye daftari la mauzo, na kila wakiiona wanakagua taya lao.

Punguza kahawa kali kuanzia alasiri, na pombe ya kulalia iache. Usifungue soda kwa meno. Taya likiuma, pumzisha muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa kwa wiki mbili, na kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa mkono kisipanuke mno.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri ikiwa kinywa kimekwama wazi au hakifunguki, ikiwa shavu limevimba na una homa, au ikiwa jino limepasuka. Mzee anayeumwa kichwa kipya pembeni ya paji huku taya likichoka anapotafuna naye asikae nyumbani. Huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu, ambao ukicheleweshwa unaweza kumpofusha.

Mama wa mawese sasa anavaa kinga yake kila usiku, na karatasi ya vipandikizi ameifunga kwenye nailoni pamoja na vibali vya forodha. Mume wake anasema sauti imepungua, ingawa haijaisha. Nilipokutana nao Mugina juzi walikuwa wakibishana kuhusu bei ya dumu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma shule ya msingi na sekondari ukimbizini nchini Tanzania. Si daktari. Mwenye maumivu amwone mtaalamu wa meno aliye karibu naye.